Dairy Milk ya sasa hivi: kabla hujanunua geuza pakiti usome nyuma

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Cadbury Dairy Milk ya hapa Uingereza, ile pakiti ya gramu 180, naipa nyota mbili kati ya tano. Creme Egg nyota moja. Toblerone tatu, na hizo tatu ni kwa sababu asali na lozi bado zinasikika mdomoni. Kama una muda kidogo kaa nikueleze nimefikaje hapo, maana haya ni mambo yenye tarehe na gramu na makaratasi, na watu wengi tunakula tu bila kujua nini kilitokea.

Mi kwetu ni Kyela na naishi Birmingham, kwa hiyo hii kitu inanigusa pande zote mbili. Kakao naijua tangu iko mtini chini ya migomba, najua tunda linavyopasuliwa na ule ute mweupe unaozunguka mbegu ulivyo mtamu wenye ukali kidogo, najua unavundika siku tano sita ndo unaanika, na ukikosea kwenye kuvundika hakuna kiwanda duniani kitakachokurudishia ile ladha. Halafu hapa ninapoishi Bournville sio mbali, kiwanda cha Cadbury kiko pale tangu 1879 na mpaka leo kinafanya kazi. Kila nikitaka kwenda nyumbani oda ni ileile, mama wadogo, mashangazi, wote wanataka Cadbury ya Uingereza, ya karatasi la zambarau. Na napeleka. Ila siku hizi nawaambia na ukweli wake.

Haya, geuza pakiti. Viungo vinaandikwa kwa kufuata uzito, kilichoandikwa mwanzo ndo kingi kuliko vingine. Dairy Milk inaanza na maziwa, inafuata sukari, ndo inakuja siagi ya kakao na kakao iliyosagwa, halafu mafuta ya mimea ambayo ni mawese na shea, halafu emulsifaya mbili, yani viungo vya kusaidia mchanganyiko ushikane, E442 na E476, mwisho vikolezo vya ladha. Pembeni wameandika kakao angalau asilimia 20. Sasa hiyo 20 ndo kiwango cha chini kabisa ambacho sheria ya Uingereza inakuruhusu kuiita chokoleti ya maziwa, ukishuka hapo huruhusiwi tena kutumia hilo jina. Nchi nyingi nyingine za Ulaya kiwango ni 25. Yani chokoleti maarufu kuliko zote nchini humu imesimama mlangoni kabisa, hatua moja nyuma iko nje.

Na hiyo E476 watu huwa wanaipita tu. Inatengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, sio sumu, imeruhusiwa, sisemi inadhuru mtu. Kazi yake ni kuifanya chokoleti iliyoyeyushwa itiririke vizuri kwenye mashine hata kama siagi ya kakao ni kidogo, na siagi ya kakao ndo sehemu ya gharama kubwa. Kwa hiyo ukiiona kwenye lebo ujue pale kuna siagi imeokolewa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili, ndo maana chokoleti nzuri ukiiweka ulimini hutafuni, inajiondokea yenyewe na ladha inafunguka taratibu. Mafuta mengine hayana tabia hiyo sawasawa, yanabaki kama utando juu ya kaakaa.

Kwa ulimi wangu Dairy Milk ya sasa inaanza na sukari, inakuja maziwa, na kakao inafika kwa kuchelewa na kuondoka haraka. Ukiila peke yake unaweza usigundue kitu. Kula kipande chake, kunywa maji, kisha kula kipande cha chokoleti ya maziwa yenye kakao 30 na kitu, hapo ndo utanielewa.

Niwe mkweli kwenye jambo moja kwa sababu mtandaoni watu wanalichanganya sana. Mafuta ya mimea hayakuletwa na Wamarekani. Waingereza walikuwa wanayaweka kwenye chokoleti zamani tu, mpaka wakagombana na wenzao wa Ulaya kwa miaka karibu 30 kama hiyo kitu iitwe chokoleti au isiitwe, ikaisha mwaka 2000 kwa sheria inayoruhusu mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 5. Kwa hiyo Cadbury ya zamani nayo haikuwa malaika. Kilichobadilika ni mwenye nyumba.

John Cadbury alifungua duka lake Birmingham 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Walikuwa Wakwekeri, watu wa dini wasiotaka pombe, wakaona kakao ni kinywaji cha kumtoa mfanyakazi baa. Wanawe Richard na George ndo waliohamishia kiwanda Bournville, George akajengea na kijiji chenye nyumba nzuri na bustani, na pombe marufuku. Dairy Milk yenyewe ilitoka 1905, na sifa yake ilikuwa maziwa mengi kuliko za wenzao. Ile ahadi ya glasi moja na nusu ya maziwa ilianza kutangazwa 1928. Sasa kitu kilichojengwa kwa miaka yote hiyo kiliuzwa ndani ya miezi mitano hivi. Kraft Foods ya Marekani ilipiga hodi Septemba 2009 na ofa ya kama paundi bilioni 10.2, Cadbury wakakataa, lakini Januari 2010 wakakubali kwa karibu bilioni 11.5.

Kwa nini walikubali? Hapa ndo pana uchungu. Roger Carr, mwenyekiti wa Cadbury wakati huo, alieleza baadaye kwamba mwanzoni wawekezaji wa muda mfupi walikuwa na kama asilimia 5 tu ya hisa, ila vita vya kununua vilipoanza wakanunua mpaka wakafika karibu asilimia 31. Hawa ni watu waliokuja kuvuna tofauti ya bei na kuondoka. Chokoleti iwe tamu isiwe tamu haiwahusu, wakipewa bei wanauza. Kraft nao hawakuwa na hela zote mfukoni, walikopa nyingi, wakauza hata biashara yao ya piza za kugandisha kwa Nestlé kwa dola bilioni 3.7 ili kuchangia malipo. Mtu akinunua kampuni kwa bei hiyo na madeni hayo lazima hela irudi kutoka sehemu fulani, na sehemu zenyewe ni chache, aidha bei, aidha wafanyakazi, aidha kile kilichomo ndani ya karatasi.

Walianza na wafanyakazi. Kulikuwa na kiwanda kinaitwa Somerdale pale Keynsham karibu na Bristol, cha Fry's, kampuni iliyokuwa chini ya Cadbury, hao Fry's ndo waliotengeneza chokoleti ya kwanza ya kipande cha kutafuna mwaka 1847. Cadbury wenyewe walishatangaza mapema kwamba watakifunga wahamie Poland. Kraft wakati wa kutongoza wakasema sisi tutakiacha wazi. Watu wakapata matumaini. Siku chache tu baada ya kuupata ushindi wakasema haiwezekani, kinafungwa, kazi karibu 400 zikaenda. Chombo kinachosimamia ununuzi wa makampuni Uingereza kikawakemea hadharani mwezi Mei 2010, na mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa ili mnunuzi asiwe anaahidi ovyo. Kwa watu wa Keynsham ilikuwa imeshaisha.

2012 Kraft ikagawanyika, upande wa vitafunwa ukaitwa Mondelez, na mwaka huohuo hivi kipande cha kawaida cha Dairy Milk kikabadilishwa umbo, kona zikawa za mviringo, na uzito ukatoka gramu 49 hadi 45 kwa bei ileile ya pensi 59. Gramu nne. Nani anapima gramu nne mdomoni? Ndo wanavyofanya, wanachukua kidogo ambacho mtu akilalamika anaonekana mchoyo. 2022 ile pakiti ya kugawana ikatoka gramu 200 hadi 180, bei paundi 2 kama kawaida. Tofauti hiyo ni asilimia 10 ya chokoleti yako, na karatasi bado la zambarau.

Creme Egg sasa. Hili ni lile yai la chokoleti la wakati wa Pasaka, ndani lina ute mweupe na wa njano. Zamani ganda lake lilikuwa Dairy Milk. Januari 2015 watu wakagundua ganda sio Dairy Milk tena, ni chokoleti nyingine ya kawaida, na boksi la mayai sita likawa la matano. Bei ya boksi ilishuka kutoka paundi 3.05 hadi 2.85, ukisikia haraka unaona wamepunguza, ila piga hesabu, yai lilikuwa kama pensi 51 likawa 57. Kwa hiyo ganda duni zaidi, mayai machache zaidi, na kila yai ghali zaidi, vyote kwa mpigo mmoja. Waingereza walichachamaa kweli, mauzo ya mwaka ule yakaripotiwa kushuka kwa zaidi ya paundi milioni 6. Ganda la zamani halikurudishwa. Hii ndo sababu ya nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa ajili ya watoto, maana wao wanapenda tu kuona ute.

Linganisha na New Zealand. Mwaka 2009, kabla Kraft hawajainunua, Cadbury kule waliingiza mawese kwenye Dairy Milk wakapunguza siagi ya kakao. Watu wakakataa, mpaka bustani ya wanyama ya Auckland ikaziondoa dukani kwake kwa sababu ya misitu ya orangutani inayokatwa kupanda michikichi. Ndani ya wiki chache bosi wa Cadbury New Zealand akaomba radhi na mawese yakatolewa. Kosa walifanya, lakini walisikia. Miaka sita baadaye Waingereza wanapiga kelele hivohivo kuhusu yai lao na hakuna kilichorudi.

Mtu atauliza, mbona Toblerone walirudisha? Ni kweli, nayo ni ya Mondelez, Philip Morris, waliokuwa wamiliki wa Kraft, waliipata 1990 pamoja na Milka walipoinunua kampuni ya Jacobs Suchard. 2016 Toblerone ya Uingereza ilitoka gramu 170 hadi 150, na ile kubwa 400 hadi 360, walichofanya wakapanua nafasi kati ya pembe na pembe mpaka ikaonekana kama reki ya kukokotea majani iliyong'oka meno. Picha zikasambaa dunia nzima. 2018 umbo la zamani likarudi, kwenye pakiti ya gramu 200 ya bei ya juu zaidi. Na hapa ndo nimejifunza kitu kuhusu haya makampuni. Pembe iliyokosekana unaipiga picha na hakuna wa kubisha, ila ladha iliyopungua huwezi kuipiga picha. Ukisema chokoleti imekuwa tamu sana au ina utando wanakujibu resipi haijabadilika, ni ulimi wako, umezeeka, ulikuwa mtoto wakati ule. Kinachoonekana kwa macho wanarekebisha, kinachosikika ulimini kinapita. Ndo maana nasisitiza lebo, lebo ndo picha ya ladha, asilimia ya kakao ikishuka hapo hawawezi kukwambia umezeeka.

Utetezi wao wa sasa ni bei ya kakao, na hapa lazima niseme kwa sababu ni mambo ya kwetu. Ni kweli kakao ilipanda vibaya sana, Machi 2024 ilivuka dola 10,000 kwa tani na Desemba ikapita 12,000, mvua mbaya na ugonjwa wa virusi wa kuvimba machipukizi vimeipiga Ghana na Ivory Coast ambao wanatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Kyela kwenye minada ya AMCOS, yani vyama vya ushirika vya wakulima, wakulima waliona bei ambazo hawajawahi kuziona na mi nilifurahi kweli kwa ajili yao. Lakini zile gramu 4 zilitoka 2012. Ganda la yai lilibadilishwa 2015. 200 kwenda 180 ni 2022. Yote hayo yalitangulia, kwa hiyo mkulima wa Kyela asisingiziwe. Na 2025 bei ikashuka tena sana, na sijaona gramu zilizorudi.

Nongeze na hili la Afrika Mashariki. Nairobi eneo la viwanda kulikuwa na kiwanda cha Cadbury, Wakenya wa umri fulani wanakijua sana na sisi wa Tanzania bidhaa zake tulizikuta madukani. Mondelez walikifunga 2014, wafanyakazi kama 300 wakaondoka, na bidhaa zikawa zinaletwa kutoka viwanda vyao vya nchi nyingine. Kwa hiyo unaponunua Cadbury Nairobi au Dar usidhani ni hii ya kwetu Birmingham, angalia imetengenezwa wapi, viungo vinatofautiana nchi na nchi. Hata Marekani Cadbury inatengenezwa na Hershey kwa leseni na resipi yao ni nyingine, na 2015 Hershey walitumia sheria kuzuia wafanyabiashara wasiingize ile ya Uingereza.

Mnunuzi akiwa mwingine mambo hayabadiliki sana. Rowntree wa York, wale wa KitKat, Nestlé waliwanunua 1988. Biskuti za Penguin na Club, ambazo siku hizi mwenye kampuni ni Yıldız wa Uturuki, 2025 zimeongezewa mawese na shea mpaka kakao ikashuka chini ya kile kiwango cha sheria, sasa pakiti inaruhusiwa kusema ina ladha ya chokoleti tu. Milka Ujerumani mwaka huohuo imetoka gramu 100 hadi 90 na bei ikapanda, karatasi karibu lilelile. Na ile hati ya kifalme, ya kutambuliwa kama wauzaji wa ikulu, Cadbury waliyopewa na Malkia Victoria 1854, Desemba 2024 orodha ya Mfalme Charles ilitoka bila jina lao. Sababu hazikutangazwa kwa hiyo sitaisema ni ladha.

Sasa ununue nini. Mi kwanza natafuta kakao 30 kwenda juu kwa chokoleti ya maziwa na siagi ya kakao peke yake bila mafuta mengine. Whittaker's ya New Zealand ina kakao 33, wanatumia kakao ya Ghana na kampuni bado ni ya familia tangu 1896, Dairy Milk ilipoharibu kule 2009 watu wengi walihamia kwao, nyota tano kutoka kwangu ila hapa Uingereza kuipata ni shughuli. Tony's Chocolonely ya maziwa ina 32, vipande vyake vinene na haviko sawa ukikata, bei iko juu, ila kakao unaisikia mwanzo hadi mwisho, nne na nusu. Green & Black's ina ladha nzuri na kakao ya kutosha, nne, lakini kama unanunua ili kuwakwepa Mondelez ujue Cadbury waliinunua 2005 kwa hiyo hela inaenda kulekule.

Hotel Chocolat ndo nayoifuatilia kwa wasiwasi. Chokoleti yao ya maziwa ya kawaida ina kakao 40, mara mbili ya kiwango cha Dairy Milk, na biashara yao yote waliijenga kwa kusema kakao nyingi sukari kidogo. Ilitangazwa Novemba 2023 kwamba Mars wanainunua kwa kama paundi milioni 534, na Januari 2024 ikawa yao. Mpaka sasa mi naipa nyota nne na nusu. Lebo zao nimezipiga picha zote, viungo na gramu na asilimia, ziko kwenye simu, na kila nikinunua nyingine nalinganisha. Nawe ufanye hivohivo kwa ile unayoipenda, sasa hivi kabla hawajaigusa.